Betri ya Sola Haikai na Chaji: Dalili, Sababu na Vipimo vya Kufanya Kabla ya Kununua Nyingine

Baridi ya Juni ikishaingia, mafundi wa sola kuanzia Iringa hadi Mbeya hupigiwa simu za malalamiko yaleyale: taa zinazima saa mbili usiku, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230) inalia, kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri) inasema betri imejaa kumbe haina kitu. Wengi huamua kwamba betri imekufa, wanakwenda mjini kununua nyingine. Betri ya ampia-saa 100 si pesa ndogo kwa mkulima wa viazi wa Makete, na mara nyingi ile mpya nayo hufa mapema, kwa sababu kilichoua ya kwanza bado kipo pale pale, kwenye waya, kwenye kontrola au juu ya bati.

Ninazungumzia betri za risasi na asidi za volti 12, za maji na zile zilizofungwa, maana ndizo zilizojaa majumbani. Lithiamu nitaigusa pale baridi inapoihusu.

Ndani ya betri kuna seli sita. Kila seli ina sahani za risasi upande wa hasi na sahani za oksidi ya risasi upande wa chanya, zote zimezama kwenye asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Ukiwasha taa, elektroni zinapita kwenye waya wa nje. Ndani ya asidi hazipiti. Huko zinasafiri ioni, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme. Sahani za pande zote mbili zinachukua salfeti kutoka kwenye asidi na kugeuka salfeti ya risasi, asidi inapungua nguvu na kuwa karibu na maji. Ukichaji, kila kitu kinarudi kilikotoka. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya namna hii mwaka 1859, na kemia yake ni ile ile hadi leo.

Seli iliyojaa hutoa takriban volti 2.1, ndiyo maana sita zinafikisha 12.6 au 12.7. Hizo volti ni nguvu ya kusukuma tu. Hazikuambii ni ioni ngapi zinaweza kuifikia sahani kwa wakati mmoja. Malori yanaweza kupanga foleni ndefu Tunduma, lakini mzigo unaoingia Zambia unategemea geti linapitisha mangapi kwa saa. Betri iliyoganda salfeti kwenye sahani ni geti lililobana: volti unaziona kwenye mita, ampia hazitoki. Kwa hiyo usikubali kuambiwa betri ni nzima au ni mbovu na mtu aliyeipima bila kuiwekea mzigo.

Kabla ya kupima

Tafuta mita ya kidijitali, haidromita (kipimo cha uzito wa asidi) kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55 iliyofungwa waya wenye vibano, glovu za mpira, miwani ya kukinga macho, magadi soda na maji ya betri. Vua pete na saa. Spana ikigusa chanya na hasi kwa pamoja hupitisha mamia ya ampia, na pete kidoleni hufanya hivyo hivyo.

Betri ipumzike. Jioni zima kila kitu, ipime alfajiri kabla jua halijagusa paneli. Ukipima saa kumi jioni, mara tu baada ya kuchaji, unasoma chaji ya juujuu iliyo usoni mwa sahani. Betri iliyopumzika ikisoma 12.7 imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na 11.8 ni tupu. Haidromita husoma 1.265 hadi 1.280 ikiwa imejaa, karibu 1.190 ikiwa nusu, na 1.120 au chini yake ikiwa imeisha. Asubuhi ya nyuzi 10 punguza takriban 0.010 kwenye usomaji huo, kwa sababu asidi ya baridi ni nzito na inakudanganya kwamba ina nguvu.

Dalili ya kwanza: mita inasoma 12.6, lakini ukiwasha TV au inveta kila kitu kinazima

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na sababu yake ya kawaida haiko hata ndani ya betri.

Anza na viungo. Washa mzigo, weka ncha moja ya mita juu ya kichwa chenyewe cha betri na nyingine kwenye kibano cha waya kilichokishika. Kiungo kizuri kitasoma karibu na sifuri. Ukiona zaidi ya volti 0.1, kiungo hicho kinakula umeme wako. Rudia kwenye kila kiungo hadi kwenye inveta, pamoja na kishikio cha fyuzi. Kisha menya kidogo plastiki ya waya karibu na kibano. Shaba ikiwa ya kijani au nyeusi badala ya kung'aa, asidi imeshapanda ndani. Kata mpaka ufike kwenye shaba safi. Nimeona waya uliofungwa vizuri kabisa kwa nje, lakini ndani umebakiza nyuzi tatu tu nzima.

Unene wa waya unafuata. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, mita 10 kwenda na mita 10 kurudi, ukibeba ampia 10 unapoteza takriban volti 1.4 njiani. Inveta inasoma volti zinazoifikia yenyewe, kwa hiyo italia kwamba betri imeisha wakati betri haina kosa. Inveta ikae karibu na betri, waya uwe mfupi na mnene. Pasi ya wati 1,000 inavuta zaidi ya ampia 80 kutoka kwenye betri ya volti 12. Mfumo wa nyumbani wa paneli moja haukutengenezwa kwa pasi, na hakuna fundi atakayekurekebishia hilo.

Viungo na waya vikiwa sawa, ndipo uipime betri yenyewe. Ifungie ile balbu, inavuta kama ampia 4.6, iache dakika kumi huku mita ikiwa kwenye vichwa. Betri nzima ya ampia-saa 100 hushuka kidogo, hadi 12.4 au 12.5, na kutulia hapo. Ikiteremka bila kusimama na kupita chini ya 12 ndani ya dakika chache, basi tatizo limo ndani.

Ndani, kinachoongoza ni salfeti iliyoganda. Betri ikikaa nusu tupu kwa wiki kadhaa, salfeti laini iliyoko kwenye sahani hugeuka fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi. Kama betri ni ya kufungua, chungulia kwa tochi, kamwe si kwa kiberiti. Sahani chanya iliyo salama ina rangi ya chokoleti, hasi ni kijivu cha risasi. Ukiona utando mweupe umetanda juu yake, hiyo ndiyo salfeti. Dawa ya kwanza ni kuipumzisha: siku tatu nne za jua kali bila mzigo wowote, kontrola ikiwa kwenye chaji ya 14.4 hadi 14.8. Zile ambazo hazijakaa muda mrefu huamka. Kuisukuma hadi volti 15 na kitu ili kuyeyusha salfeti sugu ni kazi ya fundi mwenye chaja inayodhibitika, na ni kwa betri za maji tu. Betri iliyofungwa ukiifanyia hivyo inakauka, na maji huwezi kuirudishia.

Wapo mafundi wanaomwaga asidi yote ya betri na kutia mpya. Usikubali. Salfeti imebaki kwenye sahani, si kwenye maji uliyomwaga. Asidi mpya itapandisha haidromita kwa siku chache, kisha ukali uliozidi utazila sahani zilizobaki.

Sababu nyingine ambayo wauzaji hawaisemi: betri uliyofungiwa ni ya gari. Sahani zake ni nyembamba na nyingi, zimekusudiwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha zichajiwe papo hapo. Ukiimaliza kila usiku, unga wa sahani unadondoka chini na kufa kwake hakuchukui muda. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya sola au ya kutumika kwa kina (deep cycle), na hata hiyo jitahidi isishuke chini ya nusu. Ampia-saa 100 kwa volti 12 ni wati-saa 1,200, kwa hiyo za kutumia kwa usiku ni kama 600. Jumlisha wati za TV, king'amuzi, taa na inveta yenyewe, zidisha kwa saa unazowasha. Ukipita 600, betri haina kosa.

Dalili ya pili: haijai msimu wa baridi, ingawa jua linawaka

Hapa Nyanda za Juu Kusini dalili hii ina sura yake, na mafundi waliojifunzia pwani huikosea.

Angalia paneli kwanza. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua liko upande wa kaskazini, kama nyuzi 58 juu ya upeo. Paneli iliyoinamishwa nyuzi 15 kuelekea kaskazini inapata wakati huo asilimia 96 hivi ya mwanga wa moja kwa moja. Ile iliyoinamishwa nyuzi hizo hizo kuelekea kusini inapata kama 68. Paa nyingi zimefungwa paneli upande unaotazama barabara, au upande ambao ngazi ilifika kirahisi. Kumbuka pia kwamba huu ni msimu wa vumbi. Pitisha mkono juu ya kioo. Ukiacha alama ya vidole, panda uoshe kwa maji na kitambaa laini, asubuhi kabla haijapata joto. Halafu tazama kivuli cha mti wa parachichi ulioota tangu paneli ifungwe. Kivuli kinachofunika kona moja tu kinaweza kuangusha sehemu kubwa ya umeme wa paneli nzima.

Paneli ikiwa sawa, njoo kwenye baridi yenyewe. Asidi ikipoa inakuwa nzito na ioni zinatembea polepole. Mabadiliko kwenye uso wa sahani nayo yanakuwa ya uvivu. Kwa hiyo volti zinapanda haraka kabla chaji haijaingia, kontrola inafikia 14.4 yake, inaamini kazi imekwisha na kupunguza umeme. Betri inalala na njaa kila siku, na baada ya majuma kadhaa salfeti inaganda. Kiwango cha 14.4 kimewekwa kwa nyuzi 25. Kwa kila nyuzi joto moja chini ya hapo betri ya volti 12 inahitaji takriban milivolti 24 zaidi, kwa hiyo betri iliyoko kwenye nyuzi 5 inataka karibu 14.9.

Kontrola nzuri inafanya hesabu hiyo yenyewe, ila inapima joto la mahali ilipo. Kama kontrola iko ukutani jikoni na betri iko stoo yenye sakafu ya saruji, inapima joto la ugali. Viweke vyote viwili chumba kimoja, au nunua ile yenye kihisi cha waya kinachobandikwa ubavuni mwa betri. Hakikisha pia aina ya betri uliyochagua kwenye kontrola ni ile uliyonayo kweli, kwani ya maji na ya jeli hazichajiwi kwa volti sawa.

Ikinge betri na baridi: sanduku la mbao lenye matundu juu, ubao au sponji ngumu chini. Wapo wanaoamini sakafu ya saruji inanyonya chaji. Kwa maganda ya plastiki ya leo hainyonyi. Inaipoza tu, na hilo linatosha kuikwepa. Lakini usiisogeze karibu na jiko la mkaa wala kuilaza chumba ambacho moto unawashwa. Betri inayochaji hutoa haidrojeni, na hewa ikifikisha asilimia 4 ya haidrojeni, cheche moja inalipua.

Kwa walio Kitulo na vijiji vya juu vya Makete, ambako barafu hutanda kwenye nyasi alfajiri: betri iliyojaa haigandi kwa baridi yetu, iliyoisha kabisa inaweza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, kwa kuwa kilichobaki ndani ni karibu maji matupu. Ukikuta imeganda, usiichaji. Iache iyeyuke yenyewe, kagua kama ganda limepasuka. Betri ya lithiamu isichajiwe kabisa ikiwa chini ya nyuzi sifuri: madini ya lithiamu hujibandika juu ya uso badala ya kuingia ndani, na madhara yake hayarudi nyuma. Nyingi zina kinga inayokata chaji, usiiruke.

Dalili ya tatu: maji yanakauka haraka, au seli moja haifanani na wenzake

Kama seli zote sita zinapungua sawasawa, betri inachajiwa kupita kiasi. Pima mchana wa jua kali. Zaidi ya 15 kwa muda mrefu, kontrola imekufa au fundi ameunga paneli moja kwa moja kwenye betri. Ikipita volti 2.4 hivi kwa seli, umeme unaanza kuyapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, na ndiyo mapovu unayoyaona.

Kama ni seli moja, chukua haidromita upime zote. Tofauti ya zaidi ya 0.050 kati ya moja na nyingine ni habari mbaya. Seli yenye shoti ndani husoma chini, haitoi mapovu wenzake wanapochemka, na betri nzima ikipumzika hubaki kwenye 10.5 hivi. Hebu fikiria kinachotokea ukiendelea kuichaji: zile 14.4 sasa zinagawanywa kwa seli tano, kila moja inapata karibu 2.9, nazo zinachemka hadi zikauke. Betri hii imekwisha. Usiiunge sambamba na nzima, itaifilisi.

Ongeza maji baada ya kuchaji, si kabla, yafike chini kidogo ya shingo ya tundu. Kama sahani ziko wazi, zifunike tu, chaji, kisha malizia. Dukani soma chupa vizuri: moja ina maji yaliyosafishwa, nyingine ina asidi. Huongezi asidi, maana kilichopotea ni maji. Na maji ya chemchemi, hata yale ya mlimani yanayong'aa, yana chuma na kloridi. Ioni hizo zinaifanya betri ijimalize yenyewe ikiwa imekaa.

Simama na umwite fundi ukiona ganda limevimba, ukisikia harufu ya yai viza, au betri ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Funika paneli kwa blanketi au izime kwenye swichi yake, fungua milango na madirisha, toa watu. Usikimbilie kuchomoa vibano, cheche hutokea hapo hapo juu ya gesi. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20 bila kuacha, kisha hospitali.

Dalili ya nne: unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa

Ni mvuke wa asidi unaokutana na risasi na shaba. Wa kijani au buluu umetoka kwenye shaba yako. Zima paneli kwanza, maana kontrola nyingi huungua betri ikitolewa paneli ikiwa inafanya kazi. Toa hasi, halafu chanya. Funga vifuniko vizuri, mwagia maji yenye magadi soda hadi mapovu yaishe, na tone lisiingie kwenye seli. Suuza, kausha, kaza, ndipo upake grisi juu. Unaporudisha, anza na chanya.

Dalili ya tano: inaisha bila kutumika

Futa mfuniko. Uchafu wenye unyevu wa asidi ni njia ya umeme: weka ncha moja ya mita kwenye kichwa, nyingine itembeze juu ya plastiki, utaona volti mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Kisha tafuta inveta iliyoachwa imewashwa. Ikiendelea kuisha huku imechomolewa kila kitu, ni maji machafu ndani au ni uzee.

Dalili ya sita: unapigwa shoti ukigusa bodi ya inveta, friji au bomba

Hapa hakuna vipimo vya kufanya mwenyewe. Zima, mwite fundi umeme mwenye leseni. Volti 12 hazipenyi ngozi kavu kirahisi, 230 za inveta zinapenya. Moyo nao unaendeshwa na ioni. Seli ya msuli wake ikitulia huwa na tofauti ya takriban milivolti 90 kati ya ndani na nje, inayotunzwa na pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, na kila pigo ni ioni kupita kwa zamu. Makumi ya miliampia kupita kifuani yanatosha kuvuruga zamu hiyo hadi moyo usimame.

Betri ikishakufa kweli

Usimwage asidi shambani wala mtoni, wala usimruhusu mtu ayeyushe risasi uani. Moshi na majivu yake huingia kwa watoto. Mwili huipokea ioni ya risasi kama kalsiamu, huihifadhi kwenye mifupa, na ubongo unaokua ndio unaoumia. Muuzie mnunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima na asidi yake ndani. Isafirishe ikiwa imesimama wima, vifuniko vimefungwa, vichwa vimefunikwa kwa mpira, na kwenye buti la basi isiwekwe pamoja na magunia ya chakula.